Bomba likijaa, data inakwenda wapi?

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

JUMA hili nataka tuzungumze habari ya jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta, nalo si lao peke yao. Ni namna taarifa zinavyopitishwa kutoka hatua moja ya kazi hadi nyingine ndani ya mitambo hiyo. Mshahara wako, matokeo ya mtihani wa mwanao, bili ya maji, majibu ya damu uliyopimwa hospitali: vyote hivi siku hizi hupita katika programu tatu, nne, hata kumi kabla havijakufikia. Kila programu hufanya kipande chake cha kazi, kisha ikaikabidhi ile inayofuata. Na mara nyingi tunapoambiwa kwamba "kompyuta imekosea", hakuna programu hata moja iliyokosea hesabu. Kosa limetokea pale kwenye makabidhiano.

Hebu tuchukue mfano wa Uingereza, maana uliandikwa sana na tarakimu zake zinajulikana. Mwezi Septemba 2020 ugonjwa wa Korona ulikuwa umeanza kupanda tena huko. Watu walipimwa kwa maelfu kila siku, na maabara zilipeleka majibu kwa Public Health England, idara ya afya ya umma ya wakati ule, ambayo mwaka 2021 ilivunjwa na kazi zake kugawiwa vyombo vingine. Majibu hayo yalikuja katika faili za maandishi matupu, vipengele vikitengwa kwa alama ya mkato. Faili ya aina hiyo haina ukomo wa mistari. Unaweza kuandika mstari wa milioni moja, ukaongeza mwingine, nayo isinung'unike.

Idara ilipozipokea faili hizo ilizimimina katika majedwali ya Excel, na kutoka katika majedwali hayo ndipo zikaingizwa katika mtambo mkuu. Kutoka mtambo mkuu zilikwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni hesabu ya wagonjwa iliyotangazwa kila siku. Njia ya pili, ambayo ndiyo iliyobeba uhai wa watu, ni orodha waliyopewa wafanyakazi wa kuwapigia simu wagonjwa na kuwauliza: umekaa na nani, umekula na nani, nani alipanda gari pamoja nawe? Hao waliotajwa nao wakatafutwa na kuambiwa wajitenge majumbani.

Sasa, majedwali yaliyotumika yalikuwa ya mtindo wa zamani uitwao XLS. Mtindo huo huhesabu mistari kwa biti 16, yaani swichi 16 ambazo kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Swichi 16 zinaweza kupangwa kwa namna 65,536, wala si zaidi, na kwa hiyo jedwali la XLS lina mistari 65,536 basi. Kwa kuwa jibu la mtu mmoja lilichukua mistari mingi, jedwali moja liliweza kubeba watu wapatao 1,400 tu. Wagonjwa walipokuwa wachache, hakuna aliyeona tatizo. Walipozidi, mistari iliyovuka mpaka haikuwa na mahali pa kukaa, ikaachwa nje. Hatua iliyofuata ililipokea jedwali lililojaa vizuri, halina doa, ikaendelea na kazi yake bila kuuliza.

Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020 waliachwa nje watu 15,841. Wenyewe walikuwa wamekwisha pata majibu yao kwamba ni wagonjwa, maana hayo yalipitia njia nyingine. Lakini hakuna aliyewapigia simu kuwauliza wamekaa na nani. Jambo hilo lilitangazwa Jumapili tarehe 4 Oktoba, na kesho yake Waziri wa Afya, Matt Hancock, aliliambia Bunge kwamba waliokwisha fikiwa katika hao ni asilimia 51. Wanauchumi wawili, Thiemo Fetzer na Thomas Graeber, walikaa wakalinganisha sehemu za nchi zilizoathiriwa sana na mkasa huo na zile zilizoathiriwa kidogo. Katika makala yao ya mwaka 2021 walikadiria kwamba katika majuma sita yaliyofuata, wagonjwa waliofuatiliwa ipasavyo walihusishwa na maambukizo mapya pungufu kwa asilimia 63, na vifo pungufu kwa asilimia 66, kuliko wale waliokosa kufuatiliwa. Huo ndio uzito wa jedwali lililojaa.

Wako waliocheka wakasema, ala, nchi tajiri kama ile inafuatilia ugonjwa kwa Excel! Mimi sioni kwamba kicheko hicho kinatufaa sana. Excel ni chombo kizuri, na ofisi zetu nyingi zingesimama leo kama kingeondolewa. Hata mtindo mpya wa faili zake, ulioingia mwaka 2007, una mistari 1,048,576, na siku moja nao utajaa. La kuuliza ni hili: mpangaji wa ule mfereji alikuwa ameamua nini kifanyike siku utakapojaa?

Nimesema mfereji, na hapo nyuma nikasema kumimina, na si kwa bahati. Mafundi wenyewe hulitazama jambo hili kama kazi ya mabomba. Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy, mtaalamu wa Bell Labs huko Marekani, aliandika waraka mfupi akipendekeza kuwa programu ziunganishwe kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani: ukitaka kuifanyia data kazi nyingine, unafunga kipande kingine mbele. Wazo hilo lilingoja miaka tisa. Mwaka 1973 mwenzake, Ken Thompson, aliliingiza katika mfumo wa Unix, na inasimuliwa kuwa kazi hiyo ilimchukua usiku mmoja. Alama yake hadi leo ni kijistari kilichosimama wima. Unaandika jina la programu ya kwanza, kijistari, la pili, kijistari, la tatu; ya kwanza inachuja majina, ya pili inayapanga kwa alfabeti, ya tatu inahesabu. Hakuna hata moja inayojua wenzake ni akina nani.

Lakini uzuri wa bomba la Unix hauko katika kuunganisha tu. Uko katika adabu yake. Katikati ya programu mbili kuna hodhi dogo. Anayemimina anamimina, anayechota anachota, kila mmoja kwa mwendo wake. Hodhi likikauka, mchotaji analazwa usingizi mpaka maji yaje. Hodhi likijaa, anayelazwa usingizi ni mmiminaji, mpaka mwenziwe apunguze. Halimwagiki hata tone. Na mchotaji akifa njiani, mmiminaji anapigiwa kengele akijaribu kumimina tena, ili asiendelee kujaza bomba lisilo na mtu upande wa pili.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha. Katika mfumo wa Linux, ambao ni mjukuu wa fikra hiyo ya Unix, hodhi la bomba tangu mwaka 2005 lina ukubwa wa kawaida wa baiti 65,536. Namba ile ile! Na mtumiaji wa kawaida akitaka kulikuza, ukomo uliowekwa ni baiti 1,048,576, ambayo ni idadi ile ile ya mistari ya Excel mpya. Wapenda miujiza wasikimbilie kutafuta siri hapo. Ni ile hesabu ya swichi tu, mara 16, mara 20. Ila angalieni tofauti. Hodhi mbili zenye namba moja, zote zikajaa. Moja ikamwambia mmiminaji "ngoja", na nyingine ikaachia maji yapite pembeni. Udogo wa chombo haukuwa na hatia. Kilichotofautiana ni amri iliyowekwa ya kufuatwa kikijaa.

Hiyo ndiyo amri ambayo mafundi wanaposema "wanapanga mtiririko wa data" hutakiwa waiandike. Na si kweli kwamba kungoja ni bora siku zote. Unapozungumza kwa simu na ndugu yako aliye Muscat, sauti yako hukatwa vipande vidogo na kupitishwa hatua kwa hatua. Kipande kimoja kikichelewa, afadhali kitupwe, masikio yenu yatajaza pengo. Kama mtambo ungeng'ang'ania kukisubiri, mazungumzo yote yangekuwa ya kukatishana. Vivyo hivyo matangazo ya mpira: hakuna anayetaka picha kamili ya bao la dakika tano zilizopita wakati majirani wamekwisha shangilia. Kuna kazi nyingine ambazo hazitaki kungoja wala kutupa. Hizo hujengewa ghala la pembeni, kwa kawaida katika diski, ambamo ziada huwekwa mpaka usiku kazi itakapopungua. Ghala nalo lina mwisho, kwa hiyo swali linahama tu, halifutiki.

Kungoja pia kuna gharama yake. Hatua ya tatu ikimwambia mwenzake wa pili "ngoja", wa pili atajaa, naye atamwambia wa kwanza "ngoja", na mwishowe foleni itatokea mlangoni, ambako wako wenye kaunta na wananchi. Kwa majibu ya wagonjwa, mimi ningechagua foleni. Foleni inaonekana. Mkuu wa maabara anapiga simu kufoka kwamba faili lake limekataliwa, na saa hiyo hiyo watu wanajua kuna jambo. Lakini mtu akikaa bila kuchagua, asidhani kuwa hakuna uamuzi. Programu inatoka kiwandani na mapendekezo yake, na atakayekuwa ameamua ni mtu asiyejua kama kinachopita humo ni matokeo ya mpira au majina ya wagonjwa.

Yako mambo ya kizamani ambayo kompyuta haikuyafuta. Kwenye gati, shehena ilipokuwa ikishushwa magunia kwa magunia, alikuwapo karani wa kuhesabu upande wa meli na karani mwingine kwenye mlango wa ghala. Hesabu zao zikitofautiana kwa gunia moja, maelezo yanatakiwa. Mabenki yameliendeleza jambo hilo hilo katika mitambo: faili la malipo kwa kawaida huwa na mstari wa mwisho usio na jina la mlipwaji yeyote, unaotaja tu idadi ya malipo yaliyomo na jumla ya fedha. Anayepokea anahesabu mwenyewe, analinganisha, na visipolingana faili zima linarudishwa. Ni mstari mmoja tu. Kule Uingereza, mstari kama huo, pamoja na mtu au programu ya kuulinganisha, ungeonyesha tangu siku ya kwanza kwamba waliotumwa ni wengi kuliko waliopokewa. Dawa ya haraka waliyotumia ilikuwa kuyagawa majedwali yawe madogo madogo.

Walakini hesabu inaweza kulingana na bado makabidhiano yakawa mabovu, kwa sababu kilichofika si kilichotumwa. Mfano uliogharimu sana ni wa chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichorushwa na Wamarekani tarehe 11 Desemba 1998 kwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini, iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin, ilitoa nguvu ya msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, vya ratili. Programu ya waongozaji wa safari ilizipokea namba hizo ikidhani ni za nyutoni. Kimoja ni kikubwa kuliko kingine karibu mara nne na nusu. Namba zilifika zote, hakuna iliyopotea njiani, na miezi ikapita. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilitarajiwa kuipita Mars kwa urefu wa kilometa 226 hivi. Kikapita kwa kilometa zipatazo 57, ambako hewa ya sayari ile ni nzito mno kwake, na hakikusikika tena.

Hatuhitaji kwenda Mars. Chukua orodha ya wanachama wa chama chenu cha kuweka na kukopa, yenye namba za simu zinazoanza na sifuri, uifungue katika jedwali bila kuiambia kwamba safu ile ni maandishi. Jedwali litaona namba, na namba haina haja ya sifuri mbele, kwa hiyo litaiondoa. Ukihifadhi na kuituma kwa programu ya kupeleka ujumbe, wanachama wote hawatapata taarifa ya mkutano, nawe utasema mtandao ni mbovu. Wataalamu wa chembe za urithi wameumizwa na adabu mbaya hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu jeni iliyoitwa MARCH1 jedwali liliifanya tarehe mosi Machi, na SEPT1 ikawa mosi Septemba. Ilipofika mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilikuwa imeamua kubadili majina ya jeni zenyewe, 27 kwa idadi, ziitwe MARCHF1, SEPTIN1 na kadhalika. Yaani binadamu wamebadili majina ya viumbe ili kumridhisha msarifu wa majedwali. Nadhani hapo tumeinama kupita kiasi, ijapokuwa siwezi kusema walikuwa na njia nyingine iliyo rahisi.

Jambo jingine ni kutuma mara mbili. Unalipa karo kwa simu, mtandao unakatika katikati. Je, fedha imekwenda au haikwenda? Mtambo uliotuma haujui, kwa sababu kilichopotea kinaweza kuwa ni agizo lenyewe, au ni jibu tu la kusema "nimepokea". Usipotuma tena, pengine karo haikulipwa. Ukituma tena, pengine umelipa mara mbili. Hakuna ujanja wa waya utakaoliondoa fumbo hili. Kinachosaidia ni kulipa kila agizo namba yake ya pekee tangu linapozaliwa, ili upande wa kupokea ukiliona mara ya pili useme, hili ninalo, nisilihesabu tena. Zile herufi na tarakimu unazoziona katika ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya Machi 2007, kazi yake ni ya jamii hiyo: kila muamala una jina lake, na hata ukibishana na mwenye duka ni jina hilo mnalolitafuta. Mafundi wanaojenga mifumo ya malipo na kusahau namba hiyo hugundua mapema mno umuhimu wake, kwa kuwa wateja huja wenyewe kuwafundisha.

Nimalizie na Kenya hiyo hiyo, kwa sababu wananchi wake wameijifunza elimu hii ya makabidhiano kwa njia ngumu. Matokeo ya uchaguzi wa rais huko huanzia kituo cha kupigia kura, katika Fomu 34A. Yakijumlishwa kwenye jimbo yanakuwa 34B, na yakifika kwenye kituo cha taifa yanakuwa 34C. Hatua tatu, mabomba mawili. Katika uchaguzi wa Machi 2013 mtambo wa kupeleka matokeo ulishindwa, wasimamizi wakalazimika kuzileta fomu kwa mikono hadi Bomas of Kenya. Kabla ya hapo kwenye skrini zilionekana kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000, watu wakashangaa, na tume ikaeleza kwamba kosa la programu lilikuwa likiizidisha idadi hiyo mara nane. Mwaka 2017 jambo likawa zito zaidi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Agosti, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta, ikitaja miongoni mwa sababu zake namna matokeo yalivyopelekwa: mshindi alitangazwa kabla tume haijapokea fomu zote za vituo, na tume haikuifungulia mahakama mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoagizwa.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulipangwa tofauti. Picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa katika tovuti ya tume, wazi kwa yeyote mwenye intaneti, kabla ya kujumlishwa. Vyombo vya habari vikaweka makarani wao, na watu wengine wakakaa majumbani na vikokotoo, wakijumlisha upya. Makamishna wanne kati ya saba walijitokeza na kuyakana matokeo ya mwisho, wakisema hatua ile ya juu ya kujumlisha haikuwa wazi. Kwa mara hii lakini fomu za chini zilikuwa mikononi mwa kila mtu, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu, tarehe 5 Septemba majaji wakayathibitisha matokeo.